Kioo cha Itongo

Asubuhi niliyoondoka Mpanda nilikuwa nimetoka na ndoo kwenda kuchota maji. Bombani kulikuwa na foleni. Nikaiweka ndoo kwenye mstari, nikasimama kidogo, halafu nikamwambia mama aliyekuwa nyuma yangu kwamba zamu yangu achukue yeye, na ndoo ikijaa ampelekee mwalimu niliyeishi kwake, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia nakuja.

Nikashika njia inayotoka Nsemulwa kwenda barabara kubwa, nimevaa shati nililolalia na kandambili. Sikuwa nimepanga kwenda popote. Nilijua tu kwamba nikirudi na maji nitamkuta mwalimu ameamka, naye ataniuliza kama nimelala, na swali hilo nilikuwa nimechoka kulijibu kwa uongo.

Nimeondoka sehemu nyingi namna hiyo. Shule niliiacha darasa la tano, siku tuliyokuwa tunakariri majina ya mito. Nilitoka kwenda kuuangalia mmoja, nikafika, nikaendelea. Si kwamba sikupenda kujua mambo. Nilipenda kupita kiasi, ila kukaa ndiko kulikonishinda. Kufikia miaka ya tisini nilikuwa mtu mzima ambaye amelima tumbaku ya watu, amechunga ng'ombe wa Wasukuma, amepakia magogo kwenye behewa, na hajawahi kumaliza mwaka mzima chini ya paa moja. Kwa mwalimu nilikaa mwaka na miezi.

Barabarani lilipita lori tupu linalokwenda Kibaoni kuchukua mpunga. Nilinyoosha mkono bila kujua linakwenda wapi, likasimama, nikapanda nyuma na kukaa juu ya tairi la akiba. Utingo alikuwa mtu wa maneno. Aliniuliza nimemuua nani, maana mtu asiye na mzigo ni ama amefiwa ama amekimbia. Nilimwambia sijaua. Akasema basi nimefukuzwa na mwanamke, akacheka peke yake, akaniacha. Hakujua amepita karibu kiasi gani na jambo lenyewe.

Nilikutana na mwalimu kwenye njia ya Magamba. Alikuwa amestaafu, mrefu, mguu wake mmoja mzito, na mgongoni alibeba sanduku la mbao kama la fundi saa. Nilimsaidia kulivusha kwenye daraja la miti, naye akanikaripia njia nzima nisilitikise. Nilipomuuliza kuna nini ndani, alisema: historia. Nilicheka. Alisimama, akalifungua palepale njiani. Ndani kulikuwa na vioo, vimesimama kwenye mifereji kama sahani, na juu ya kila kioo pamechorwa mistari ya rangi nyeusi na nyekundu. Nyumba bila kuta nyuma yake, mti unaoning'inia, bomba la moshi ambalo halijakaa juu ya kitu chochote. Havikuwa na maana yoyote.

Maana yake niliiona kesho yake. Aliwapeleka wanafunzi wa shule moja mpaka mahali ulipokuwa mgodi wa zamani wa madini ya risasi, ambao ndio uliofanya reli ifike Mpanda. Siku hizo pale palikuwa na majani, mashimo na vipande vya zege. Alichomeka kijiti chenye ufa, akasimamisha kioo kwenye ufa ule, akaonyesha jiwe la kusimamia, akamwambia wa kwanza aweke kidevu juu ya kijiti cha pili na afumbe jicho moja. Lazima iwe jicho moja, kwa sababu ukitazama kwa mawili mchoro unagawanyika. Ukifumba moja, ile mistari inaondoka kwenye kioo na kwenda kukaa juu ya ardhi. Bomba la moshi linasimama juu ya kilima. Ofisi inakaa juu ya zege lake lenyewe. Unaona wafanyakazi wamejipanga, na katikati yao majani ya leo yanatikiswa na upepo wa leo.

Msichana mmoja mdogo alitazama kwa muda, halafu akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, mbuzi ameingia ofisini kwa Mzungu."

Tuliangalia. Kweli, mbuzi wa mtu alikuwa anakula majani mahali pale. Mwalimu alicheka mpaka akashika mguu wake. Akawaambia watoto wamwandike na mbuzi, maana naye yumo.

Sikuondoka tena. Nililala sebuleni kwake, nikabeba sanduku, nikajifunza kuchora. Rangi tuliipunguza kwa petroli, brashi tulifunga wenyewe kwa nywele za mkia wa mbuzi, na vioo tuliviokota kwenye madirisha yaliyovunjika na fremu za picha za watu. Nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wake. Alijua, na alifurahi kwa namna yake, yaani kwa kunitukana. Aliniita mtoro. "Mtoro huyu," aliwaambia walimu wenzake, "angekaa darasani angekuwa hajui chochote."

Kazi ya kuchora ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa kusikiliza. Kila kioo kilikuwa na shahidi wake, mtu aliyepaona mahali pale kwa macho, na mwalimu alikaa naye siku nyingi, daftari gotini. Kabla ya kugusa rangi alimsomea shahidi daftari zima, sentensi kwa sentensi, na baada ya kila sentensi alimuuliza, nimesikia sawa? Wengine walichoka. Mzee mmoja alimwambia kwamba hata padri haungamishi namna hiyo. Mwalimu aliendelea kusoma.

Siku hizi nimeonyeshwa kwenye simu ya mtu watoto wa nchi nyingine wamevaa miwani mikubwa inayofunika uso mzima, wanageuza shingo huku na huku, wanatembea ndani ya miji iliyokufa zamani. Aliyenionyesha alidhani nitashangaa. Nilimuuliza kitu kimoja tu: nani aliwasimulia wachoraji. Hakujua.

Mwaka ule nilioishi kwa mwalimu mguu wake ulivimba akashindwa kutembea, na ndipo mama mmoja alipotuma ujumbe.

Alikuwa anaishi kwenye makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi, mashariki ya Mpanda, watu waliofika wakati mimi bado mtoto wa mgongoni na ambao kufikia wakati huo walikuwa wanalisha mji mzima kwa mihogo na maharage yao. Mama huyu alifika akiwa na mimba na watoto wawili. Sasa alikuwa bibi, mjane, na macho yake yalianza kuingia ukungu. Alikuwa na wajukuu watatu, wote wamezaliwa hapa, mkubwa wao binti wa miaka kama kumi na sita. Wazazi wao walikuwa wamekwenda kutafuta maisha sehemu za Kigoma.

Alichotaka kilikuwa wazi. Huko alikotoka familia yake ilikuwa na ardhi. Ipo siku watu wataruhusiwa kurudi, na siku hiyo atakayeweza kusema mpaka wetu ni mti ule na kijito kile ndiye atakayepata pa kulala. Yeye ndiye pekee aliyebaki hapa anayepakumbuka. Alitaka wajukuu wapaone kabla macho yake hayajafunga kabisa, ili yeye mwenyewe akitazama aweze kusema ndiyo, ndipo.

Mwalimu alinituma peke yangu. Nilijiona mkubwa sana.

Nilikaa kwake wiki nzima. Mchana alimenya mihogo, mimi niliandika. Alisimulia vizuri, bila haraka. Mlango wa nyumba ulielekea mtoni. Migomba ilikuwa nyuma, imeshuka mteremko. Kwenye mpaka, upande wa machweo, palikuwa na mtini mkubwa aliopanda baba mkwe wake, na chini yake jiwe jeupe walilotelezea watoto. Aliniita mwana. Aliniambia nina mwandiko wa kuku lakini macho ya mtu. Kila nilipomuuliza nianzie wapi, alirudia sentensi moja: "Weye nichoree itongo letu. Watoto walijue."

Neno hilo sikuhitaji kuuliza. Mama yangu mzazi, kwa lugha yake ya Kikonongo, analo hilohilo. Itongo ni mahali palipokuwa na watu wakahama. Ni kuta zilizoanguka, mbono umeota jikoni, mafiga matatu yamefunikwa na majani. Mahame. Nilikulia tukipita pembeni ya itongo letu wenyewe, tulikohamishwa kupelekwa kijijini, na tulikatazwa kuokota kuni pale.

Basi nilijiambia, mama huyu ana akili. Hataki wajukuu wadanganyike kwamba kuna nyumba inawasubiri. Anataka watakapofika wayatambue mahame yao.

Siku ya mwisho alisema jambo jingine. Alisema, "Mwanangu mkubwa yuko kwenye itongo. Alibaki." Alisema huku anatazama mihogo, na sauti yake ilishuka. Nikaelewa. Kwetu mtu aliyebaki kwenye itongo ni mtu aliyezikwa huko. Nilimpa pole. Akaitikia ahsante, kama mtu anayepewa pole ya kuwa mbali na mwanawe. Niliandika: kaburi la mtoto mkubwa, labda chini ya mtini.

Sikumsomea daftari. Mvua za mwisho zilikuwa zinanyesha, na nilitaka kumpelekea mwalimu habari kwamba kazi imekwisha. Hiyo ndiyo sababu, wala sina nyingine nzuri zaidi.

Nilichora siku tatu. Sijawahi kuchora vizuri vile kabla wala baadaye. Kuta zilizomong'onyoka, mbono, mafiga, migomba imegeuka kichaka. Mlango niliugeuzia mlimani, kwa sababu ukuta wa upande wa mto ulipendeza zaidi ukiwa umeanguka. Na chini ya mtini niliweka kaburi, mawe madogo yamepangwa pembeni, nikayapaka jekundu kidogo ili yasipotee.

Mahali penyewe palikuwa nchi nyingine, kwa hiyo tulichagua kilima nyuma ya shamba lake la mihogo, ambacho alisema kinafanana na chao. Wajukuu walikuja, na majirani wachache. Nilichomeka vijiti. Yeye ndiye alipaswa kuwa wa kwanza. Binti mkubwa alimshika kiwiko, akaweka kidevu, akafumba jicho.

Alitazama muda mrefu. Niliona mkono wake umeanza kutafuta kitu cha kushika.

"Nani amekwambia?" aliniuliza.

Sikuelewa. Aliuliza tena, bila kutoa jicho kwenye kioo. Miezi ile vita vilikuwa vinaendelea kwao, na watu wapya walikuwa wanavuka kila wiki kuingia Kigoma. Wengine walikuja na habari za vijiji, nyumba kwa nyumba. Mimi nilitoka mjini, na treni inayoleta watu wa Kigoma inaishia mjini. Nilikuwa nimechora vitu ambavyo yeye hakunisimulia. Kwake ilikuwa na maana moja tu: nimekutana na mtu aliyetoka huko.

"Ni wewe, mama," nilisema. "Umesema itongo. Umesema alibaki."

Lakini alikuwa amekwisha kaa chini, na wanawake walikuwa wamekwisha anza kulia.

Neno hilo kwa Kirundi ni ardhi ya ukoo. Ni shamba, ni nyumba, ni migomba, ni mahali mtu anapokaa na watoto wake baada ya baba yake. Mtoto aliyebaki kwenye itongo ni yule aliyebaki kulilinda. Alikuwa kijana walipokimbia, alikataa kuondoka, na kwa miaka yote ile barua zake zilifika, mara moja kwa mwaka, mara moja kwa miaka miwili, kwa mikono ya watu. Tangu vita vianze hakuna iliyofika. Hili sikulijua kwa sababu sikuuliza sentensi moja.

Nilijaribu kueleza siku ileile, hakuna aliyenisikiliza. Nilirudi siku ya pili. Msiba ulikuwa umekaa, maharage yako jikoni, pombe ya ndizi imeletwa, naye alikuwa amenyoa nywele. Nilisimama mbele ya watu nikaeleza neno kwa neno. Baba mmoja jirani alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo kwenu mtu akikwambia nakuuzia itongo, unanunua makaburi?" Wawili walicheka, kile kicheko cha msibani. Mimi nilitamani anipige.

Yule mama aliniita karibu. Kichwa chake kilionekana kidogo bila nywele, kama cha mtoto.

"Umekosea neno, mwana," alisema. "Nimesikia. Lakini nilipoliona lile kaburi sikushangaa. Hilo ndilo linaloniliza."

Msiba haukuvunjwa. Watu walikaa siku zao, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyejua kama wamemlilia marehemu au mtu aliye hai, na hata leo mimi sijui.

Nilidhani naweza kutengeneza. Nilikifuta kioo kwa petroli, nikaanza kusugua kwenye kaburi, na nikafungua daftari, kurasa za siku zile za kwanza. Nilichora kila kitu alichosema. Mlango unaelekea mtoni. Migomba imesimama. Moshi unatoka jikoni. Safari hii nilimsomea daftari lote kwanza, sentensi kwa sentensi, kama mwalimu, na kila sentensi aliitikia kwa kichwa. Nilichukulia kwamba ameafiki.

Tukapanda tena kilimani. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe. Binti alimshika kiwiko. Alifumba jicho akatazama, akasogeza kichwa, akatazama tena kwa jicho jingine.

"Hapa ni kwa nani?" aliuliza.

Nilimwambia ni kwake. Nilimwonyesha mtini, jiwe jeupe, mlango.

"Mlango haukuwa huko," alisema kwa upole, kama anayenisaidia. "Mlango ulikuwa huku, mlimani. Na hapa pana majani."

Nilimfungulia daftari nikamsomea maneno yake mwenyewe. Alisikiliza. Alisema labda alikosea siku ile, ameshazeeka. Akaanza kunisimulia upya, polepole, nyumba anayoiona sasa akifumba macho, na ilikuwa nyumba yangu. Kila ukuta niliouangusha ulikuwa umeanguka. Mbono ulikuwepo jikoni. Miaka ishirini na kitu alibeba mahali pale kichwani bila kumwaga hata tone, na mimi nilimwonyesha kioo kwa muda wa kumenya muhogo mmoja.

Tulipokuwa tunashuka nilimpa binti mkubwa daftari. Nilimwambia mipaka yote iko humu, mlango unaelekea mtoni, ashike hayo. Hakulipokea.

"Bibi akisema si pale, mimi nitasema nini?" aliniuliza. "Nitakwenda kwa wazee wa huko niwaambie nimesoma kwenye daftari la Mkonongo?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anaangalia mahali pa kukanyaga, kwa sababu ya bibi yake.

Nilimweleza mwalimu yote. Alikuwa amelala na mguu juu ya mto. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilimsomea. Nilisema mara ya kwanza hapana. Akageukia ukutani. Nilingoja anitukane, aniite mtoro, anifukuze. Hakufanya hivyo. Asubuhi aliniuliza kama nimelala, akaniambia uji uko jikoni. Na kesho yake hivyohivyo, na kesho yake, kwa upole mpya ambao sikuwahi kuuona kwake, kama mtu anayekaa na mgonjwa. Daftari nililiacha juu ya sanduku lake. Sijui liliishia wapi.

Lile lori la Kibaoni lilivuka mto pale Sitalike, viboko wamelala kwenye tope wamebanana, tukapita hifadhini bila kusimama. Utingo alipiga usingizi. Mimi nilikuwa nimeshikilia chuma na ninajirudia kimya mlango, mto, mtini, jiwe, ingawa hakuna aliyeniomba.

Tulifika Kibaoni alasiri. Soko lilikuwa linafungwa, wanawake wanafagia punje za mahindi chini ya magunia. Nilishuka, nikauliza kazi, nikaambiwa mpunga bado unavunwa na mikono inatakiwa. Nikauliza pa kulala, nikaelekezwa kwa mama mmoja anayeuza chai nyuma ya mashine ya kukoboa.

Alikuwa mnene, mkali wa macho, Mpimbwe, Kiswahili chake cha kukatakata. Alinitazama miguu kwanza. Aliniambia ana chumba kimoja, kina kitanda cha kamba, choo kiko nje, na hataki walevi. Nilimwambia mimi si mlevi. Akatangulia, akasukuma mlango. Ukutani palikuwa pametundikwa shati la mwanamume na nyavu zilizokunjwa.

"Ni cha mwanangu," alisema. "Amebaki Karema."

Nilisimama kizingitini. "Amebaki vipi, mama?" niliuliza. "Yuko hai?"

Alinigeukia. Nilidhani ataniambia nitoke.

"Yuko hai, anavua dagaa," alisema. "Kwenu wapi wewe, mnauliza watu hivyo?"

Nilimwambia nimetoka Mpanda, na kwamba namwomba radhi. Alilitungua lile shati ukutani, akalikunja vizuri, akalibeba kifuani akatoka nalo.